Gitaa Mbele ya Kamera: Picha za Wapiga Gitaa wa Roki na Vyombo Vyao

Mwaka 1961, kampuni ya Columbia ya Marekani ilipotoa santuri kubwa ya nyimbo za Robert Johnson, mwimbaji wa bluzi wa Mississippi, jalada la santuri hiyo halikuwa na uso. Msanii aliyepewa kazi ya kulipamba alimchora mtu aliyeketi kitini, akitazamwa kutoka juu, kichwa kimeinamia gitaa, na kivuli chake kimelala sakafuni. Hakufanya hivyo kwa kupenda mafumbo. Johnson alikwisha kufariki tangu tarehe 16 Agosti 1938, akiwa ameacha nyimbo 29 tu alizorekodi San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, na wakati huo hapakuwa na picha yake hata moja iliyojulikana. Vijana wa Uingereza ambao baadaye walikuja kuitwa mabingwa wa gitaa la roki, miongoni mwao Eric Clapton na Keith Richards, walijifunza kutokana na vidole ambavyo hawakupata kuviona.

Hali hiyo ilibadilika baada ya robo karne. Mwaka 1986 jarida la Rolling Stone lilichapisha picha ndogo ambayo Johnson alijipigia mwenyewe katika kibanda, kile ambamo mtu hutumbukiza sarafu na mtambo ukampiga picha bila mwangalizi. Humo anaonekana amevaa shati, sigara mdomoni, macho yamekaza, na vidole vya mkono wa kushoto vimebana nyuzi juu ya shingo ya gitaa. Muda si mrefu ikatokea ya pili, iliyopigwa Memphis katika studio ya ndugu wawili weusi, Hooks Brothers, iliyofunguliwa mwaka 1907. Katika hiyo Johnson ni mtu mwingine kabisa: suti ya mistari, tai, kofia iliyoinamishwa kidogo, mguu mmoja juu ya mwingine, na gitaa aina ya Gibson L-1 mapajani. Picha hii ya studio ndiyo iliyowekwa juu ya mkusanyo wa nyimbo zake zote uliotolewa mwaka 1990, ambao uliuzwa kwa wingi kuliko alivyoweza kuota mwimbaji huyo katika uhai wake.

Tokea hapo picha zikaanza kufanya kazi zake zenyewe. Mwaka 1994 posta ya Marekani ilitoa stempu ya senti 29 yenye sura ya Johnson, ikifuata ile picha ya kibandani, lakini sigara ikafutwa. Mtu akabaki, gitaa likabaki, moshi ukaondolewa. Kampuni ya Gibson nayo ikatengeneza upya gitaa la L-1 na kulipa jina la Johnson, kwa sababu hilo ndilo lililoonekana katika studio ya Hooks. Ilhali wachunguzi hawajakubaliana kama chombo kile kilikuwa mali yake au kilikuwa cha studio, kimewekwa pale kama vile vinavyowekwa viti na mapazia. Mwaka 2020 picha ya tatu, nayo ya kibandani, ilitokea kwenye jalada la kitabu cha kumbukumbu kilichotolewa na dada yake wa kambo, na humo Johnson anatabasamu. Wale waliokuwa wamezoea kumwona kama mtu aliyeuza roho yake kwa shetani katika njia panda walilazimika kumtazama upya.

Katika habari ya mtu huyu mmoja umo mzozo wote wa picha za wapiga gitaa. Muziki hupita na upepo; picha hukaa. Anayepigwa picha hukumbukwa hata kama hakupiga vizuri, na anayekosa picha husahauliwa hata kama wote walijifunza kwake. Na kati ya mtu na kamera kipo chombo, ambacho mara nyingine humtambulisha mwenyewe, na mara nyingine humfunika.

Mpiga gitaa hakuwa wa kwanza kushika chombo chake mbele ya kamera. Katika studio za picha za Ulaya, Marekani na Afrika, mafundi, askari na wanamuziki walikuwa na desturi ya kuja na alama ya kazi yao. Gitaa katika picha hizo za zamani lilisema jambo moja tu: huyu ni mwanamuziki. Kilichotokea katikati ya karne ya 20 ni kwamba gitaa lilianza kusema zaidi ya hayo, nalo likasogea kutoka pembeni hadi katikati ya picha.

Mfano ulio wazi ni jalada la santuri kubwa ya kwanza ya Elvis Presley, ya mwaka 1956. Picha yake ilipigwa Tampa, Florida, mwezi Julai 1955. Presley amefumba macho, kinywa kimefunguka, na gitaa la mbao limeinuliwa kifuani. Jina lake limeandikwa kwa herufi za waridi upande mmoja na za kijani chini. Atazamaye jalada hilo hana shaka kwamba huyu ndiye mpiga gitaa. Hata hivyo, milio ya gitaa iliyowafanya vijana wengi wanunue magitaa yao ilitoka katika vidole vya Scotty Moore, naye hayumo jaladani. Presley alikuwa akishikilia mwendo wa wimbo tu, na mara nyingine gitaa lake lilikuwa karibu na pambo. Jambo hili si la kumlaumu yeye. Walaumiwe waliochagua jalada, ambao walijua vema kwamba picha ya mtu mmoja huuza kuliko picha ya watu watatu.

Kuna aliyekosekana zaidi ya Moore. Sister Rosetta Tharpe, mzaliwa wa Cotton Plant, Arkansas, mwaka 1915, alianza kurekodi mwaka 1938, akaimba nyimbo za kanisa kwa gitaa la umeme lenye makali ambayo watu wa roki waliyachukua miaka kumi na zaidi baadaye. Picha zake zilikuwapo: mwanamke wa kanisa, ameshika gitaa la chuma linalong'aa, uso umeinuliwa. Lakini zilihifadhiwa katika makabati ya nyimbo za dini, mahali ambapo wanahistoria wa roki hawakufungua. Alipokufa Philadelphia mwaka 1973 alizikwa katika kaburi ambalo halikuwekwa jiwe la jina mpaka zaidi ya miaka thelathini ilipopita. Kilichomrudisha, kwa sehemu kubwa, ni mandhari moja. Mwezi Mei 1964 televisheni ya Granada ilimpiga filamu katika kituo cha reli kilichoachwa mjini Manchester. Watazamaji waliketi upande mmoja wa reli, yeye akasimama upande wa pili, kukiwa na mvua, amevaa koti, na mikononi ana gitaa jeupe la Gibson lenye pembe mbili. Picha zilizotolewa katika filamu hiyo zimezunguka dunia nzima tangu miaka ya 2000. Mwaka 2018 aliingizwa katika jumba la heshima la roki huko Cleveland. Je, angeingizwa bila gitaa jeupe na mvua ya Manchester? Yamkini, ila kwa kuchelewa zaidi.

Sasa ifikiwe picha ambayo wengi huitaja kwanza. Tarehe 18 Juni 1967, katika tamasha la Monterey, California, Jimi Hendrix alipiga magoti jukwaani, akamwaga petroli ya viberiti juu ya gitaa lake aina ya Stratocaster alilokuwa amelichora maua kwa mkono wake, akaliwasha moto. Mbele yake, amesimama juu ya kiti kwenye ukingo wa jukwaa, alikuwapo mwanafunzi wa shule ya sekondari mwenye umri wa miaka 17, Ed Caraeff, ambaye kabla ya siku hiyo hakuwa amemwona Hendrix. Kwa masimulizi yake, mpiga picha mmoja aliyekuwa karibu alimshauri abakishe filamu kwa ajili ya mtu huyo, na ile picha ya moto ilikuwa ya mwisho katika mkanda wake. Joto nalo lilikuwa kali hata kamera ikamkinga uso. Jim Marshall, mpiga picha mzoefu, alikuwapo vilevile, na filamu ya D. A. Pennebaker ilinasa tukio zima. Lakini kumbukumbu ya watu imeshikwa na ile picha moja ya kijana yule.

Ipo sababu ya kitendo chenyewe. Kundi la The Who lilikuwa limetangulia usiku huo, na Pete Townshend alikwisha vunja gitaa lake mbele ya umati. Hendrix alihitaji jambo la kuzidi hilo. Wala haikuwa mara yake ya kwanza. Tarehe 31 Machi mwaka huohuo alikuwa ameunguza gitaa katika ukumbi wa Astoria, London. Gitaa hilo la London lilinusurika na kuuzwa mnadani mwaka 2008 kwa pauni 280,000. Hata hivyo, mwulize mwanafunzi yeyote mpenda muziki: moto anaoukumbuka ni wa Monterey. Tukio la kwanza likawa la pili katika historia kwa kuwa la pili ndilo lililopata picha.

Hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini, nalo huwapita wengi. Katika picha ya Caraeff, Hendrix hapigi gitaa. Mikono imeinuliwa juu ya ndimi za moto, vidole vimetawanyika kama vya mganga anayeuita moto uje. Chombo kimelala chini na hakitoi mlio wa muziki wowote. Huyu ni mtu ambaye ustadi wake wote ulikuwa katika vidole. Alikuwa akitumia mkono wa kushoto, na kwa kuwa magitaa ya mkono huo yalikuwa adimu, alilipindua gitaa la mkono wa kulia, akazipanga nyuzi upya, hata vifundo vya kurekebishia sauti vikawa juu na vitasa vya kukazia nyuzi vikaelekea chini. (Mpangilio huo humsaidia pia mtunza nyaraka: ikiwa negativu imegeuzwa kwa makosa wakati wa kusafisha picha, Hendrix ataonekana anapiga kwa mkono wa kulia lakini vifundo vitabaki juu, na kosa litajulikana papo hapo.) Ziko picha nyingi zinazomwonyesha akipiga, amefumba macho, na hizo ndizo zenye mafunzo kwa anayetaka kujua alivyofanya. Umaarufu haukuzichagua.

Vivyo hivyo kwa picha ya pili katika daraja la umaarufu. Mwezi Septemba 1979 kundi la Kiingereza la The Clash lilipiga muziki katika ukumbi wa Palladium, New York. Walinzi waliwazuia watazamaji wasiinuke vitini, na Paul Simonon, mpiga gitaa la besi, alikasirishwa na umati uliolala. Alilishika gitaa lake aina ya Fender Precision kwa shingo, akalipigiza sakafuni kama mtu apasuaye kuni. Pennie Smith, aliyekuwa pembeni mwa jukwaa, alibonyeza kamera huku akirudi nyuma. Alipoiona picha hakuipenda. Haikuwa kali, mwili wa Simonon una ukungu, na kwa sheria za ufundi picha hiyo ilistahili kutupwa. Joe Strummer, mwimbaji wa kundi, na Ray Lowry, mchoraji aliyetengeneza jalada la santuri yao London Calling, waling'ang'ania. Lowry aliizungushia herufi za waridi na kijani kwa namna ileile ya jalada la Presley la 1956. Mwaka 2002 jarida la Q liliitaja kuwa picha bora kuliko zote za roki, na mwezi Januari 2010 posta ya Uingereza ikaitia kwenye stempu.

Jalada la Presley na jalada la Clash yakiwekwa pamoja, safari ya miaka 23 inasomeka bila maelezo. Katika la kwanza gitaa limeinuliwa kifuani kama mtoto. Katika la pili linashushwa kwa nguvu kwenda kuvunjika. Katika la kwanza uso umejaa nuru. Katika la pili uso hauonekani kabisa, umefichwa na nywele na kivuli. Lowry alikuwa mchora vikatuni, na hapana shaka alijua anachokifanya: alikuwa anafunga kitabu kilichofunguliwa Tampa. Mabaki ya besi hiyo yalihifadhiwa, na mwaka 2019 yaliwekwa katika jumba la makumbusho la London, ndani ya kioo, jinsi yanavyowekwa mabaki ya watakatifu.

Kwa hiyo picha mbili mashuhuri kuliko zote za gitaa la roki zinaonyesha magitaa yasiyopigwa. Moja linaungua, jingine linavunjwa. Mwenye kuutetea upigaji picha atasema kwamba kamera haina sikio, hivyo hutafuta kitu kinachoonekana. Na kuvunja huonekana kuliko kupiga. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini inafuata kwamba historia ya gitaa iliyoandikwa kwa picha itakuwa historia ya vitimbi zaidi kuliko ya ufundi, na msomaji wake hana budi kuwa macho.

Tangu miaka ya 1980, na hasa baada ya mwaka 2000, kamera ilianza kumwacha mtu na kulikaribia gitaa peke yake. Vitabu vikubwa vya picha vilitolewa ambamo hakuna uso hata mmoja: mbao tu, nyuzi, mikwaruzo, alama za jasho. Lisa S. Johnson wa Marekani ni mmoja wa waliojulikana kwa kazi hiyo; kitabu chake kina magitaa 108, kila moja limepigwa kwa karibu hata sehemu iliyolika na vidole huonekana kama ramani ya nchi. Wako watakaosema kwamba huku ni kuabudu vitu. Huenda ni kweli kwa wanunuzi. Lakini katika picha hizi za karibu ipo elimu ambayo haimo katika zile za moto na kuvunja, kwani ubao uliolika haudanganyi. Mahali vanishi ilipotoka ndipo mkono ulipopita maelfu ya mara.

Gitaa la Rory Gallagher, Mwairlandi, ni mfano mzuri. Ni Stratocaster ya mwaka 1961 iliyonunuliwa Cork mwaka 1963 kwa pauni 100, kwa mkopo. Iliibwa Dublin, ikapatikana baada ya siku kadhaa imetupwa mtaroni penye mvua, na tangu hapo rangi yake ikaendelea kubanduka mpaka mbao ikabaki wazi. Gallagher alikataa kuipaka upya. Katika picha za miaka ya 1970 inaonekana kama mlango wa nyumba ya kale. Alifariki mwaka 1995. Mwaka 2024 gitaa hilo liliuzwa mnadani London kwa pauni 889,400, na aliyelinunua akalitoa kwa jumba la makumbusho la taifa la Ireland. Eddie Van Halen, kwa upande wake, alijitengenezea gitaa kwa mwili wa dola 50 na shingo ya dola 80, akalibandika utepe na kulinyunyizia rangi hata likawa na mistari meusi, meupe na mekundu ambayo mtoto mdogo huitambua kwa mbali. Nyuma ya kishikio cha nyuzi alikaza sarafu ya Marekani ya mwaka 1971, isogeze chuma mahali pake.

Na hapo ndipo picha ikarudi kiwandani. Fundi wa Fender aliyeagizwa kutengeneza mfano wa gitaa la Gallagher alipaswa kubandua rangi ya chombo kipya, akifuata kila baka la kile cha kale. Mwaka 2007 yalitolewa magitaa 300 yanayofanana na la Van Halen, pamoja na mikwaruzo, alama za kuungua kwa sigara na ile sarafu, kwa bei ya dola 25,000 kila moja. Gitaa la dola 130 limezaa watoto wa dola 25,000, na majeraha aliyoyapata mmoja kwa miaka ya kazi yamechongwa katika wengine kwa saa chache. Haieleweki kwa urahisi mnunuzi hupata nini hapo, isipokuwa awe ananunua picha inayoweza kushikwa kwa mkono.

Kazi nyingine ya picha ni ya heshima zaidi, nayo ni ya ushahidi. Mwaka 1962 John Lennon alinunua gitaa la Gibson J-160E, na akalitumia katika kutunga na kurekodi nyimbo za mwanzo za Beatles. Mwezi Desemba 1963, wakati wa maonyesho ya Krismasi huko Finsbury Park, London, lilipotea. Baada ya miaka michache likanunuliwa California na mtu ambaye hakujua ana nini mkononi, akalipiga kwa miongo kadhaa kama magitaa mengine. Mwaka 2014 likalinganishwa na picha za zamani za Lennon. Michirizi ya mbao haifanani katika magitaa mawili, kama alama za vidole zisivyofanana kwa watu wawili. Na picha za magazeti, ambazo hakuna aliyezipiga kwa nia hiyo, zilionyesha michirizi ileile na makovu yaleyale. Mwaka 2015 liliuzwa kwa dola milioni 2.41.

Randy Bachman wa Kanada aliibiwa gitaa lake la rangi ya machungwa, Gretsch ya mwaka 1957, katika hoteli mjini Toronto mwaka 1976. Alikuwa amelinunua alipokuwa kijana, kwa fedha za vibarua, na alililia kama mtu aliyefiwa. Miaka 44 baadaye mpenzi mmoja wa muziki wake alilinganisha picha za zamani na picha za magitaa ya aina hiyo yaliyouzwa duniani, akitafuta kifundo kidogo cheusi kilichomo katika ubao. Alikipata Japani, mikononi mwa mwanamuziki aliyekuwa amelinunua kwa nia njema. Tarehe 1 Julai 2022, katika ubalozi wa Kanada mjini Tokyo, wanamuziki hao wawili walibadilishana: Mjapani alipewa Gretsch nyingine ya umri uleule, Bachman akachukua yake. Ni nadra picha kumrudishia mtu kitu badala ya kumchukulia.

Kuhusu fedha haihitajiki kusemwa mengi. Stratocaster nyeusi ya David Gilmour wa Pink Floyd, iliyonunuliwa New York mwaka 1970, iliuzwa mwezi Juni 2019 kwa dola 3,975,000, na mwenyewe akazitoa fedha za mnada huo kwa kazi ya kutetea mazingira. Mwaka uliofuata gitaa la Martin alilolitumia Kurt Cobain katika onyesho la televisheni la Novemba 1993 lilifika dola milioni 6.01. Ajabu ya gitaa la Gilmour ni kwamba shingo yake ilibadilishwa mara kadhaa, na sehemu zake za umeme pia, hata ni kwa kufuatisha picha za mwaka hadi mwaka tu ndipo mtu anaweza kusema kipande kipi kilikuwapo katika wimbo upi. Mnunuzi alilipia jina lililopita katika vyombo kadhaa.

Katika nchi ya Kongo, uhusiano wa kamera na gitaa ulikwenda kwa njia yake, ingawa mikondo hiyo miwili iligusana. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928, alikuwa mpiga picha wa Franco Luambo tangu miaka ya 1950, na usiku wa Léopoldville pamoja na baa zake na vijana waliovaa kama wachunga ng'ombe wa sinema unajulikana leo kwa sababu ya kamera yake. Kazi yake ilionyeshwa Paris mwaka 2015, miaka 18 baada ya kifo chake. Mwezi Septemba 1974, katika tamasha lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman, Franco na B. B. King walipiga katika uwanja mmoja mjini Kinshasa. King alikuwa na gitaa lake aliloliita Lucille, jina alilolichukua baada ya moto uliotokea Twist, Arkansas, mwaka 1949, pale wanaume wawili walipogombana kwa ajili ya mwanamke wa jina hilo na kuangusha pipa la mafuta lililokuwa likipasha ukumbi joto. Filamu za tamasha hilo zilikaa makabatini miongo mitatu. Sehemu yake ilitolewa katika sinema Soul Power mwaka 2008. Kwa muda wote huo kukutana kwa mabingwa wale wawili kulikaa katika masimulizi ya waliokuwapo.

Kwa upande wa Katanga, mfano mkuu ni Mwenda Jean Bosco, Mwenda wa Bayeke. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, mwaka 1952, na wimbo wake Masanga, ulioimbwa kwa Kiswahili cha huku, ukafika mbali kuliko sura yake. Mwaka 1969 alialikwa katika tamasha la Newport, Marekani. Katika jukwaa la tamasha hilohilo, mwaka 1965, Bob Dylan alisimama na Stratocaster na kuwaudhi wapenzi wa nyimbo za jadi. Picha za jioni ile zimechapishwa katika kila historia ya roki, na gitaa lenyewe liliuzwa mwaka 2013 kwa dola 965,000. Picha za Mwenda ni chache, na alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari huko Zambia bila mnada wowote wa chombo chake. Upigaji wake ulitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba likishika nyuzi nzito na kidole cha shahada zile nyembamba, na bado msikilizaji hudhani wapo wapigaji wawili. David Rycroft aliyaandika magitaa hayo kwa nota mwanzoni mwa miaka ya 1960, akayachunguza mlio baada ya mlio. Mwaka 1979 mpiga gitaa Mwingereza, John Low, ambaye alikwisha kuzisikiliza santuri mpaka akazikariri, alifunga safari hadi Shaba, akawatafuta Mwenda, Edouard Masengo na Losta Abelo, akaketi mbele yao na gitaa lake mapajani, akaomba waonyeshe polepole.